Zijue nahau za Kiingereza kabla hazijakuponza

Na Mwandishi Wetu

MTU anaweza kuwa na msamiati mpana wa Kiingereza, akasoma magazeti ya lugha hiyo bila taabu, na bado akapotea njia anapokutana na sentensi yenye maneno mepesi kuliko yote.

Chukua mfano wa barua ya mwajiri inayosema: "We have to let you go." Kila neno lililomo hufundishwa katika miaka ya mwanzo ya shule, na anayeyatafsiri moja moja ataona kuwa ameruhusiwa kwenda zake. Maana halisi ni kwamba ameachishwa kazi au, kama wasemavyo watu mitaani, amemwaga unga.

Hiyo ndiyo nahau. Ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yaliyomo. Kiswahili nacho kimejaa nahau. Aliyepata jiko ameoa, aliyevaa miwani amelewa, na mwenye mkono wa birika ni mchoyo. Mgeni akilitafuta neno birika katika kamusi ndogo ya mfukoni ataelezwa habari za chai, wala hatauona uchoyo humo.

Kwa msomaji wa mjini suala hili si la mapambo ya lugha. Matangazo mengi ya kazi, mikataba ya mikopo na barua za ofisini huandikwa kwa Kiingereza, na asiyezijua nahau anaweza kukubali jambo asilolikusudia.

Hata wenyeji huteleza

Kosa la kutoelewana kwa nahau huwapata hata waliozaliwa na lugha hiyo. Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alisimulia katika kumbukumbu zake namna maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya maana ya "to table a paper".

Kwa Waingereza, maneno hayo ni kuuleta waraka mezani ujadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani, ni kuuweka kando usijadiliwe. Pande zote mbili zilitaka jambo lile lile, lakini kila upande uliona mwenzake anapinga. Bunge la Tanzania linafuata maana ya Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana katika kumbukumbu zake kuna sehemu ya "Hati Zilizowasilishwa Mezani".

Tukio la kusikitisha zaidi ni la Aprili 1951, katika vita vya Korea, kwenye mapigano ya Mto Imjin. Inasimuliwa kwamba Brigedia Thomas Brodie wa Uingereza, ambaye askari wake walikuwa wamezidiwa na majeshi ya China, alimweleza mkuu wake Mmarekani, Jenerali Robert Soule, kuwa hali ilikuwa "a bit sticky".

Mwingereza akisema hivyo kwa utulivu wake, anamaanisha hali ni mbaya mno. Mmarekani alisikia kuwa kuna ugumu kidogo tu unaovumilika. Kikosi cha Gloucestershire kilibaki kimezingirwa, na zaidi ya askari wake 500 wakatekwa.

Nahau za kazini na biashara

Zifuatazo ni baadhi ya nahau ambazo mfanyakazi au mfanyabiashara hukutana nazo mara kwa mara.

"Let me sleep on it": Nipe hadi kesho nilifikirie. Si kukubali, wala si kukataa.

"The ball is in your court": Sasa uamuzi ni wako, na wenzako wanakusubiri wewe. Ukikaa kimya baada ya kuambiwa hivyo, lawama ya kuchelewa ni yako.

"To cut corners": Kuruka hatua muhimu ili kuokoa fedha au muda. Mafundi wetu huita kulipua kazi.

"To foot the bill": Kulipa gharama zote. Neno la mguu lililomo lisimchanganye mtu.

"In the red": Kuwa na hasara au deni. Asili yake ni desturi ya wahasibu kuandika hasara kwa wino mwekundu. Kinyume chake ni "in the black", yaani kuwa na faida.

"Red tape": Urasimu wa "njoo kesho". Zamani hati za serikali nchini Uingereza zilifungwa kwa utepe mwekundu.

"The small print": Masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo katika mkataba. Ukishauriwa kuyasoma, shauri hilo lichukue kama lilivyo.

Zenye ndugu katika Kiswahili

Baadhi ya nahau zina ndugu zake katika lugha yetu, na hizo hujifunzwa kwa urahisi. "To beat about the bush" ni kuzunguka mbuyu. "To spill the beans", yaani kumwaga maharage, ni kutoa siri, na Mswahili huonya usimwage mtama penye kuku wengi.

Nyingine hufanana kwa sura tu. Kwa Kiswahili, anayetia chumvi ni msimulizi anayeongeza mambo yasiyokuwapo. Mwingereza akikuambia "take it with a pinch of salt" anakushauri wewe msikilizaji usiyaamini yote uliyosikia. Chumvi ya kwetu hutiwa na msemaji, na ya Kiingereza hushikwa na msikilizaji.

Zilizotoka kwenye historia

Nahau kadhaa hazieleweki vizuri bila kujua zilikotoka. Ukisikia bosi amewasomea wafanyakazi "the riot act", ujue amewakaripia vikali na kuwapa onyo la mwisho. Sheria hiyo ya ghasia ilianza kutumika Uingereza mwaka 1715, na ilifutwa zamani. Ofisa aliwasomea tangazo lake watu 12 au zaidi waliokusanyika kwa fujo, na waliokaidi kutawanyika ndani ya saa moja waliweza kuhukumiwa kifo.

Mdai anayetaka "his pound of flesh" anadai haki yake bila huruma, hata kama itamwangamiza mdaiwa. Nahau hiyo imetoka katika tamthilia ya Shakespeare ambamo mkopeshaji Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969.

Adabu ya kuzitumia

Kujua maana peke yake hakutoshi. "To kick the bucket" ni kufa, lakini ni maneno ya mzaha, sawa na kusema fulani amekata kamba. Anayeyaandika katika barua ya rambirambi atawaumiza wafiwa. Neno la heshima ni "to pass away", ambalo ni sawa na kufariki au kuaga dunia.

Aidha, nahau haibadilishwi maumbo ovyo. Ndoo katika nahau hiyo ikiwekwa katika wingi, msikilizaji ataona ndoo za kweli zinapigwa mateke.

Namna ya kujifunza

Kwanza, kila sentensi ya maneno mepesi inapokosa mantiki, ishuku kuwa ni nahau. Katika kamusi kubwa, itafute chini ya neno lake kuu. Nahau nyingi huwekwa mwishoni mwa maelezo ya neno hilo.

Pili, iandike ndani ya sentensi nzima uliyoikuta, pamoja na aliyeisema na mahali ilipotumika. Nahau iliyokaririwa peke yake husahaulika upesi, na hutumika mahali pasipostahili.

Tatu, elewa nyingi lakini tumia chache. Katika barua ya maombi ya kazi, maneno ya moja kwa moja hufaa kuliko nahau usiyo na hakika nayo.

Mwisho, panapohusika fedha, ajira au sahihi yako, omba ufafanuzi kwa maandishi na kwa maneno ya kawaida. Swali la "what do you mean by that?" halimshushii mtu hadhi, na majibu yake yakishaandikwa yanaweza kutumika kama ushahidi.