Majibu ya kipimo cha ini cha mtoto wako

Ukiona H au L pembeni mwa namba kwenye karatasi ya maabara, maana yake namba hiyo iko juu au chini ya kiwango cha kawaida. Peke yake haithibitishi kwamba ini limeharibika.

ALT na AST ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Virusi vya kawaida vya utotoni vinaweza kuvipandisha kwa muda, na baadhi ya dawa pia, hasa paracetamol iliyozidi kipimo. AST hutoka hata kwenye misuli. ALP hutoka kwenye mifupa pia, hivyo kwa mtoto anayekua huwa juu kuliko kwa mtu mzima. Uliza kama majibu yamelinganishwa na viwango vya watoto. Uwezo wa ini kufanya kazi huonekana zaidi kwenye albumini na muda wa damu kuganda (INR).

Kwa mtoto mchanga, itazame sana bilirubini. Manjano ya siku za kwanza huwapata watoto wengi na huisha yenyewe. Lakini macho yakiwa bado ya njano baada ya siku 14, au 21 kwa njiti, omba kipimo kinachotenganisha bilirubini ya jumla na ile ambayo ini limekwisha kuisindika (mara nyingi huandikwa D-BIL). Hii ya pili ikiwa juu, si manjano ya kawaida ya watoto wachanga: huenda nyongo haitoki vizuri kwenye ini. Sababu mojawapo ni kuziba kwa mirija ya nyongo, ambako huhitaji upasuaji uitwao Kasai. Matokeo yake huwa bora zaidi ukifanyika kabla mtoto hajafikisha siku 60.

Utaambiwa umwanike juani. Jua halizibui mirija. Na usitulizwe na kunyonya vizuri, kwa sababu mwanzoni mtoto huyu huonekana mzima kabisa. Angalia nepi mchana, penye mwanga: choo cheupe kama chaki au cha kijivu, na mkojo wa njano iliyokolea unaoacha doa, ni vya kuonyesha daktari bila kusubiri tarehe ya kliniki. Piga picha ya nepi uende nayo. Endelea kunyonyesha.

Akitokwa damu kitovuni au puani, akipata michubuko isiyoeleweka, au akilala mno na kukataa ziwa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.