Jembe la Siku ya Tatu: Mgeni wa Kulala na Mwenyeji Wake katika Historia ya Waswahili

Ikisiri

Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hufasiriwa mara nyingi kuwa onyo kwa mgeni asiyejua kuondoka. Makala haya yanaihoji fasiri hiyo kwa kuirudisha methali katika historia ya kulaza wageni kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Ushahidi unatokana na asili ya maneno ya ugeni, masimulizi ya Ibn Battuta, mpangilio wa nyumba za mawe za Lamu, fasihi simulizi na maandishi ya kisiasa ya mwaka 1962. Inabainishwa kuwa siku ya tatu ilikuwa kizingiti cha kubadili hadhi: mgeni alitoka katika kulishwa na kuingia katika kushiriki. Aidha, inajadiliwa jinsi maana hiyo inavyopotea pale jembe linapotolewa na mamlaka ambayo haikumkaribisha mtu kwanza.

1. Utangulizi

Methali hii ni miongoni mwa zile zinazofundishwa mapema shuleni, na jibu linalotarajiwa kwa swali la maana yake linafahamika: mgeni asikae muda mrefu mpaka akamchosha mwenyeji. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitokani na maneno ya methali yenyewe. Methali haisemi kwamba mgeni afungiwe mzigo wala aonyeshwe njia. Inasema apewe jembe, na jembe hapewi mtu anayeondoka. Hupewa mtu ambaye kesho atakuwapo, na ambaye huenda akala katika mavuno ya shamba alilolipalilia.

Tofauti kati ya fasiri hizi mbili si ndogo. Ikiwa methali ni ya kufukuza, basi ukarimu wa Waswahili ulikuwa na mwisho wa siku mbili. Ikiwa ni ya kupokea, basi siku mbili za kwanza zilikuwa mlango tu wa uhusiano mrefu zaidi. Ili kuamua kati ya fasiri hizo, ni lazima kutazama jinsi wageni walivyolazwa katika miji ya pwani, na kwa masharti gani.

2. Ushahidi wa maneno

Nomino mgeni imejengwa juu ya shina -geni, ambalo lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu: Kikuyu kina mũgeni na Kiganda kina omugenyi. Katika Kiswahili shina hili hubeba maana mbili kwa pamoja. Mgeni ni mtu asiyefahamika mahali alipo, na pia ni mtu anayepokelewa na kutunzwa. Kivumishi chake kimebaki na maana ya kwanza, kama katika "lugha ya kigeni" au "jambo geni". Nomino yenyewe haikuzitenganisha maana hizo. Anayebisha hodi usiku ni mgeni kabla hajafunguliwa, na ni mgeni vilevile baada ya kutandikiwa kitanda. Kinachobadilika ni namna anavyotendewa.

Neno linalokabiliana nalo, mwenyeji, kwa kawaida huchambuliwa kuwa mwenye na mji. Uchambuzi huu una maana kubwa kwa mjadala uliopo. Anayempokea mgeni hatajwi kwa nyumba yake bali kwa mji wake. Ndiyo maana neno hilohilo, hasa katika wingi, lina maana ya wakazi wa asili wa mahali. Anayemlaza mgeni humlaza kwa niaba ya mji, na mji una haki ya kumuuliza juu yake.

Kiarabu nacho kimeacha alama katika uwanja huu. Karibu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ujirani wa mahali, na kukaribisha, kwa maana yake ya asili, ni kumfanya mtu awe karibu. Ziafa na dhifa zimetokana na neno la Kiarabu la ukarimu kwa mgeni, lakini katika Kiswahili zimebanwa hadi kuwa karamu. Hali hii inastahili kuzingatiwa: Kiswahili kilikopa jina la karamu na neno la kumwita mtu asogee, lakini wahusika wenyewe, mgeni na mwenyeji, walibaki na majina ya Kibantu.

3. Mogadishu, 1331

Maelezo ya zamani yaliyo wazi zaidi kuhusu kanuni za kulaza wageni katika pwani hii ni ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mogadishu ilikuwa kaskazini mwa nchi aliyoiita ya Sawahili, lakini ilikuwa sehemu ya mtandao uleule wa biashara, na desturi aliyoikuta huko inaangaza historia ya mwambao wote.

Anasimulia kuwa jahazi lilipofika, vijana wa mji walilikabili kwa mashua, kila mmoja akiwa na chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa chakula hicho mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakulala penginepo isipokuwa katika nyumba ya mwenyeji huyo. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia alizozihitaji. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake haikutambuliwa. Kitanda na chakula, kwa hiyo, viliambatana na dhamana. Mgeni alilindwa dhidi ya kudanganywa, na mji ulijua nani awajibike juu yake.

Ibn Battuta anataja watu walioachwa nje ya kanuni hiyo: aliyekwisha kuuzoea mji na kuwajua watu wake alikuwa huru kushukia alikotaka. Ugeni, basi, haukuwa sifa ya kudumu. Mtu aliweza kuuvuka.

Yeye mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanazuoni, na kwa sababu hiyo alipokewa na kadhi na kupelekwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Alikaa siku tatu akiletewa chakula mara tatu kwa siku: wali uliopikwa kwa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi na maembe. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Kadhi, wanafunzi na mmoja wa mawaziri wa sultani walimletea mavazi: nguo ya kufunga kiunoni kama walivyovaa watu wa pale, kanzu ya kitani ya Misri, joho na kilemba. Alivaa, akaenda nao msikitini kusali.

Mpangilio wa siku hizo haufai kupuuzwa. Kwa siku tatu mgeni alikula tu. Siku iliyofuata alivikwa mavazi ya wenyeji na kusimama nao katika safu ya sala. Mwanazuoni hakupewa jembe, kwa kuwa kazi yake haikuwa shamba, lakini alipewa kilichomfaa mtu wa daraja lake ili aonekane hadharani kama mmoja wa watu wa mji. Kilichokoma baada ya siku tatu ni hali ya kulishwa akiwa ametengwa, si ukaribisho wenyewe.

Hesabu ya siku tatu inapatana na mafundisho ya Kiislamu yaliyojulikana sana pwani. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kuwa haki ya mgeni ni siku tatu na kwamba kinachozidi hapo ni sadaka. Tena inamkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Mafundisho hayo yanazifunga pande zote mbili. Hata hivyo, hayataji jembe. Jembe limetoka katika jamii ya wakulima, na methali ya Kiswahili imeikutanisha hesabu inayofahamika katika dini na kazi ya shamba.

4. Pepo za msimu na sabule

Fasiri ya kufukuza inakabiliwa na kikwazo kingine, nacho ni upepo. Majahazi ya Bara Arabu na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na yalirudi kwa kusi, inayoanza mnamo Aprili. Mfanyabiashara aliyefika mwanzoni mwa msimu hakuwa na uwezo wa kuondoka siku ya tatu hata kama angetaka. Alikaa wiki nyingi, pengine miezi. Mji uliotegemea wageni wa namna hiyo haungeweza kuwa na kanuni ya kuwaondoa baada ya siku mbili. Ulihitaji kanuni ya kuishi nao.

Kanuni hiyo ilijengwa kwa mawe. Katika nyumba kubwa za Lamu za karne ya 18, mtu aliyetoka njiani alianzia dakani, penye viti vya mawe, kisha akaingia kiwandani, yaani uani. Zaidi ya hapo ilikuwapo misana, halafu ndani, sehemu ya wanawake na ya faragha ya familia. Chumba cha mgeni, sabule, kiliwekwa upande wa kiwanda, mbali na ndani. Mgeni aliweza kulala, kula na kuzungumza biashara kwa muda mrefu bila kuvuka misana.

Mpango huu unaonyesha kuwa kanuni za nyumba hazikuachiwa uamuzi wa kila siku. Mgeni hakuhitaji kuambiwa asipite hapa wala pale; kuta zilikwisha kusema. Hodi ilifanya kazi hiyohiyo kwa sauti. Hupigwa mara tatu, na isipojibiwa mgeni hurudi, kulingana na adabu ya Kiislamu ya kuomba idhini. Kwa upande wa mgeni zipo methali zinazomkumbusha kwamba anatazamwa. "Mgeni ni kuku mweupe" humwambia kuwa hawezi kujificha kundini. "Mgeni hachomi chaza mtaani akanuka" humwonya asilete jambo litakalowakera majirani wa aliyempokea. Katika methali hii ya pili anayetajwa ni mtaa, si nyumba, na hilo linaafikiana na maana ya mwenyeji iliyojadiliwa hapo juu.

5. Utungo wa siku kumi

Fasihi simulizi ina utungo maarufu unaozihesabu siku za mgeni kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, na ambao unaelekea kuipa nguvu fasiri ya kufukuza. Siku ya kwanza mgeni anapewa wali na samaki. Ya pili, maziwa na samli. Siku ya tatu nafaka imebaki vibaba vichache, navyo vinapikwa na kuliwa pamoja naye. Siku ya nne anapewa jembe, na akirudi shambani anaagwa. Kuanzia hapo hali inaharibika: mgeni anasengenywa, wenyeji wanakula kwa kujificha, na siku ya kumi zinafuata ngumi na mateke.

Ni kweli kwamba utungo huu unaiambatanisha siku ya jembe na kuaga. Lakini ukisomwa kwa makini, kejeli yake haimlengi mgeni peke yake. Wenyeji wanaojificha ili wale wamevunja adabu kama alivyoivunja yeye. Siku ya tatu, nyumba ilipokuwa na upungufu, chakula kilipikwa na kuliwa pamoja bila fedheha. Fedheha ilianza baada ya jembe, pale mtu alipoendelea kuishi katika nyumba bila kuwa na nafasi inayotambulika ndani yake: hakuondoka, na wala hakuhesabiwa kuwa mwenzao. Utungo unaonyesha nyumba ambayo kizingiti chake kimefikiwa na kisha hakikuvukwa. Kwa hiyo unaithibitisha kanuni kwa kuonyesha madhara ya kukosekana kwake.

6. Kutoka nyumbani hadi taifa

Mwaka 1962 methali hii ilihamishwa kutoka katika nyumba hadi katika taifa. Katika maandishi yake yanayoueleza ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Kiafrika, Julius Nyerere aliitumia kuthibitisha kuwa katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Aliongeza kuwa huenda mgeni mwenyewe angeomba jembe kabla ya kupewa, kwa kuwa alijua analotarajiwa kulifanya. Kauli hiyo ya nyongeza inaisoma methali kama makala haya yanavyoisoma: jembe ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamani, kwa sababu kinampa mahali.

Hata hivyo, uhamisho huo ulibadilisha jambo moja la msingi. Katika nyumba, siku mbili za kulishwa hutangulia, na anayetoa jembe ni yuleyule aliyetoa wali. Miongo miwili baadaye, Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwakusanya watu wa mijini waliohesabiwa kuwa hawana kazi na kuwapeleka vijijini kulima. Si lazima kudai kuwa methali ndiyo iliyozaa sheria hiyo. Inatosha kuona kuwa mantiki ya jembe ilikuwapo na mantiki ya siku mbili haikuwapo. Wengi wa waliokusanywa walikuwa wamekuja mjini kama wageni wengine wowote, lakini hapakuwa na mwenyeji aliyetangaza kuwa huyu ni mgeni wangu. Hapo jembe liligeuka kuwa chombo cha kuondoshea watu, na fasiri ya kufukuza, ambayo historia ya nyumba haikuiunga mkono, ilipata mahali pa kutumika.

7. Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaelekea upande mmoja. Maneno mgeni na mwenyeji yanaufanya ulazaji wa mgeni kuwa jambo la mji mzima. Masimulizi ya mwaka 1331 yanaonyesha siku tatu za kulishwa zikifuatwa na kuingizwa katika maisha ya wenyeji. Pepo za msimu na sabule zinathibitisha kuwa wageni walitarajiwa kukaa. Methali ya siku ya tatu, kwa hiyo, ina vipande viwili visivyotengana: wajibu wa mwenyeji wa siku mbili, na wajibu wa mgeni unaoanza siku ya tatu. Anayekitaja kipande cha pili na kukisahau cha kwanza hana haki ya kuitumia, kwa kuwa jembe la methali hii hutolewa na mkono uliokwisha kupakua chakula.