Divai nyekundu ya Dodoma: iandaliwe na chakula gani?

Msimu wa harusi ukifika, wasikilizaji wetu hutuuliza: kamati imenunua divai nyekundu kwa ajili ya meza kuu, mbona wageni wanaonja kidogo kisha wanaiacha? Fedha ya mchango imepotea. Mara nyingi kosa si la divai. Ni la chakula kilichowekwa pembeni yake, na joto la chupa. Kwa wanaotumia kilevi, tumeandaa maelezo haya.

Divai hutengenezwaje?
Sisi wa Ugalla tunaijua asali, na wengi wanaijua wanzuki. Chachu hula sukari ya asali na kuigeuza kilevi. Divai ni hivyo hivyo, ila sukari yake ni ya zabibu. Ile nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndiyo maana ina rangi. Maganda na mbegu huleta pia ukakasi, ule unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Inatoka wapi?
Hapa Tanzania zabibu ni zao la Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu inayojulikana sana huko ni Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo.

Divai nyingine huchanganya aina mbili au zaidi za zabibu. Mfano ni Dôle, ya jimbo la Valais nchini Uswisi. Msingi wake ni zabibu za Pinot Noir na Gamay. Ni divai nyepesi, na wenyeji huinywa wakila jibini na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa hewa ya milimani. Hapo kuna somo: mafuta na chumvi hupunguza ukakasi.

Kwenye meza yetu
- Mbuzi au ng'ombe wa kuchoma: vinafaa sana. Weka chumvi ya kutosha, pilipili iwe kando.
- Kuku wa kienyeji, maharage ya kuunga na uyoga wa porini: vinafaa na divai nyekundu nyepesi.
- Migebuka, dagaa na kambale: epuka. Madini ya chuma yaliyomo kwenye divai nyekundu yakikutana na mafuta ya samaki huongeza shombo mdomoni. Kwa samaki, afadhali divai nyeupe.
- Pilipili nyingi: huzidisha ukali wa kilevi.
- Keki ya harusi: utamu wake huifanya divai isiyo na sukari ionekane chachu. Lebo ikisema "dry", ni hiyo isiyo na sukari.

Joto la chupa
Divai nyekundu hunywewa ikiwa na nyuzi 14 hadi 18 hivi. Mchana wa Mpanda ni moto kuliko hapo. Kama huna jokofu, izamishe chupa kwenye ndoo ya maji ya mtungi kwa nusu saa. Ikiwa ya moto, utasikia kilevi tu.

Kiasi
Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 ndogo, kwa hiyo watu 20 wanahitaji chupa 4 kila mmoja apate moja. Usiijaze glasi kama ya bia: divai nyingi zina kilevi cha asilimia 12 hadi 14, bia huwa karibu asilimia 5. Mjamzito, dereva, wa bodaboda pia, na aliye chini ya miaka 18 wasinywe.

Kabla ya kulipa
Soma lebo uone kama kinywaji kimetengenezwa kwa zabibu, si rangi na ladha tu. Wakulima wa Dodoma wamelalamikia soko kwa miaka mingi, na zabibu mbivu haisubiri mnunuzi. Sisi wenye asali tunalijua hilo: mazao bila soko ni jasho la bure. Kama kamati yenu itanunua divai, basi iwe ya zabibu kweli, na chakula chake kipangwe mapema.