Si Mikono Peke Yake: Historia ya Ugonjwa wa Parkinson na Akili ya Mgonjwa

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi wetu tunauita ugonjwa wa kutetemeka. Lakini hatutakaa sana kwenye mikono. Tutaangalia yale yanayompata mgonjwa moyoni na akilini, na kwa nini iliwachukua madaktari miaka mingi kuyatambua.

Nianze na nyumba moja niliyoitembelea. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa ameugua ugonjwa huu kwa miaka kadhaa. Mkazamwana wake aliniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Sista, siku hizi mama anazungumza na watoto walioketi kwenye kochi, na mimi siwaoni. Majirani wameanza kusema." Mama huyo hakuogopa mtetemeko. Aliogopa lile neno ambalo majirani walikuwa karibu kulitamka.

Je, unajua kwamba hata madaktari wenyewe hawakuliona jambo hili mwanzoni? Mwaka 1817, James Parkinson, daktari wa mtaa wa Hoxton mjini London, alichapisha kijitabu kuhusu watu sita wenye ugonjwa huu. Alieleza vizuri sana mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo unaoinama, na hatua fupifupi za haraka. Lakini aliandika pia kwamba akili ya mgonjwa haidhuriki.

Kwa nini alikosea? Baadhi ya wale sita aliwaona barabarani tu. Na mtu unayemwona barabarani, utaona mkono wake na mwendo wake. Hutaona kwamba usiku halali, kwamba ameacha kucheka, au kwamba analia akiwa peke yake. Hayo huonwa na anayeishi naye.

Miaka ya 1860 na 1870, daktari Jean-Martin Charcot alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Ufaransa. Huko wanawake wengi wazee na wagonjwa waliishi kwa miaka, na madaktari waliwaona siku baada ya siku. Charcot ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la Parkinson. Naye alifundisha kwamba akili pia huweza kuathirika. Mwaka 1882 daktari mwingine wa Paris, Benjamin Ball, aliandika juu ya matatizo ya akili kwa wagonjwa hawa. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari wengi waliendelea kutazama mikono na miguu tu.

Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyowafanya walale bila kusogea. Alipowadunga levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka. Dopamini ni kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka ujumbe. Mwaka 1960, watafiti mjini Vienna, akiwemo Oleh Hornykiewicz, walionyesha kwamba dopamini imepungua sana katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Mwaka 1967, George Cotzias huko Marekani alionyesha kwamba levodopa ikiongezwa polepole hadi kiwango kikubwa, mgonjwa aliyekakamaa anaweza kutembea tena. Hadi leo levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu.

Furaha ilikuwa kubwa. Lakini dawa ile ilifundisha somo jingine. Mwaka 1969, daktari Oliver Sacks aliwapa levodopa wagonjwa wa hospitali moja mjini New York, waliokuwa wamekwama kama sanamu kwa miaka mingi baada ya homa ya ubongo. Waliinuka na kuzungumza. Kisha baadhi yao wakaanza kuona vitu visivyokuwepo na kuwa na fujo. Dopamini haiongozi mikono peke yake, mama. Inahusika pia na furaha, hamu na mawazo. Ikipungua kuna shida, na dawa ikizidi kuna shida.

Mwaka 2003, Heiko Braak na wenzake nchini Ujerumani walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi madhara huanzia sehemu za chini za ubongo na zile za kunusa, kabla ya mkono kutetemeka. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza uwezo wa kunusa, kupiga kelele na mateke usingizini, au kuwa na huzuni isiyoisha miaka kadhaa kabla ya mtetemeko.

Basi leo tunajua kwamba mambo haya ni sehemu ya ugonjwa: huzuni ya kudumu, wasiwasi, kukosa hamu ya jambo lolote, maruweruwe, kuwashuku watu wa nyumbani, na baadaye kusahau sana. Dawa fulani za Parkinson zinaweza pia kumfanya mtu ashindwe kujizuia kucheza kamari au kununua vitu ovyo. Uso wa mgonjwa ukiwa mkavu, usidhani amenuna. Misuli ya uso imekaza. Muulize anavyojisikia.

Sasa wewe mlezi ufanye nini?

Kwanza, andika unachokiona: ni nini, saa ngapi, na kilianza lini. Peleka daftari hilo kliniki pamoja na dawa zote anazomeza.

Pili, usiziache dawa za Parkinson ghafla. Kufanya hivyo ni hatari. Daktari ndiye atakayepunguza.

Tatu, akichanganyikiwa kwa siku moja au mbili tu, mpeleke hospitali haraka. Huenda ni maambukizi ya mkojo, malaria au upungufu wa maji mwilini.

Nne, kila unapompeleka kwa matibabu, sema, "Huyu ana Parkinson." Dawa kama haloperidol na chlorpromazine, zinazotumiwa kutuliza wagonjwa wa akili, na metoclopramide ya kuzuia kutapika, huweza kuuzidisha ugonjwa huu.

Tano, akisema amechoka kuishi, usimkemee wala usinyamaze. Kaa naye, mtafutie msaada siku hiyo hiyo.

Sita, usibishane naye juu ya anachokiona. Mwambie kwa upole kwamba wewe hukioni, lakini uko naye. Washa taa, maana giza huongeza maruweruwe.

Na hilo neno la majirani je? Mwaka 2008 huko Kisii, wazee waliuawa kwa kuchomwa moto wakishukiwa kuwa wachawi. Mzee anayezungumza na asiyeonekana yuko katika hatari hiyo hiyo tukinyamaza. Jirani akiuliza, mwambie waziwazi: "Mama ni mgonjwa wa ubongo, na anatibiwa."

Ndivyo alivyofanya yule mkazamwana. Kliniki walikuta maambukizi ya mkojo, wakayatibu, na daktari akapunguza moja ya dawa zake. Wale watoto wa kwenye kochi hawakuondoka wote, lakini bibi alianza kulala usiku, na majirani wakarudi kumjulia hali.

Mama, daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Wewe humwona usiku na mchana. Usione aibu kueleza uliyoyaona, nawe pia uombe kupokezwa unapochoka.