Mgeni wa Saa Chache Chini ya Meru

Wahenga wa pwani walimpimia mgeni muda wake: siku mbili ni za karamu, ya tatu apewe jembe. Katika hesabu yao hamkuwamo mgeni ambaye hafiki hata hiyo siku ya pili. Lakini ndiye huyo huteremka leo katika bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi meli kubwa za matembezi zinapotia nanga, naye hutakiwa awe amerudi melini kabla ya jua kuzama. Saa zake zinahesabika, na tangu anapokanyaga gati huulizwa swali moja na kila amkutaye: aende wapi? Aende Jozani akawaone kima punju, ambao hawapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja? Avuke kwenda Changuu kwenye makobe ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919? Au apite mashambani akanuse karafuu na mdalasini?

Wapo pia wenye siku moja au mbili zaidi, ambao huvutwa na bara. Ndege ndogo huwafikisha Arusha kwa muda usiozidi sana saa moja, na huko swali lile lile huwangoja likiwa limevaa nguo nyingine. Upande wa magharibi, kiasi cha kilomita 180, iko Ngorongoro yenye jina kubwa. Upande wa mashariki, kwa mwendo wa kilomita 30 hivi tu kutoka mjini, iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha yenye mambo matatu ndani ya uzio mmoja wa macho: kasoko ya Ngurdoto, maziwa ya Momella, na mlima Meru wenyewe. Aghalabu mgeni huchagua kwa kutazama saa yake na picha alizopewa. Ni nadra kuuliza vitu hivyo vilipataje kuwa vya kuchaguliwa. Kumbe kila kimoja kina nasaba yake, na nasaba hiyo haikuandikwa na wageni peke yao.

Wapitaji wa mwanzo chini ya Meru ambao pwani inawakumbuka walikuwa watu wa misafara. Waliondoka Pangani, wakapandisha bonde la mto, wakapita Kilimanjaro na kuelekea Umasaini kutafuta pembe. Mwaka 1887 ulipita hapo msafara wa Samuel Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria, pamoja na afisa Ludwig von Höhnel aliyeandika habari za safari hiyo. Wengi wa wapagazi walikuwa wameandikwa Unguja na mrima, na miongoni mwa viongozi alikuwamo Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za Umasaini kabla Mzungu hajazitia katika ramani yake. Watu hawa nao walikuwa na muda mfupi. Walilazimika kuchagua mahali pa kutua, lakini kipimo chao hakikuwa uzuri wa mandhari. Walitafuta maji yasiyo na magadi, ndizi na maharage ya kuwavusha nyika iliyo mbele, na wenyeji waliokubali kuuza. Mbele yao mlima ulikuwa ghala kabla ya kuwa pambo. Mto uliotoka msituni uliwafaa kuliko kilele kilichofunikwa na mawingu.

Baada yao walikuja wageni ambao hawakuwa na nia ya kuondoka. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Umeru, na majeshi ya Kijerumani yakalipiza kwa moto na kwa kunyang'anya mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Katika majira hayo hayo ilijengwa ngome ya Arusha, ile Boma ambayo leo ni makumbusho ya historia ya viumbe, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliokuwa wametoka kushindwa vitani. Mgeni mwenye saa chache hupita mbele ya kuta zake nyeupe, na akiingia huonyeshwa mifupa ya kale na wadudu. Jasho lililochanganywa na udongo wa kuta hizo halina kabati lake.

Kisha jembe likabadili mkono. Makaburu waliohama Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza vilivyokwisha mwaka 1902 walipewa mashamba kuuzunguka mlima, na Wajerumani wakafuata. Margarete Trappe, mwanamke wa Kijerumani aliyefika mwaka 1907 na kuvuma kwa uwindaji wake, aliweka makao Momella na kuhusiana na ardhi ile hadi alipofariki mwaka 1957. Juu, msitu ulifungwa kuwa mali ya serikali; chini, mashamba ya walowezi yaliunganika yakawa duara. Wameru na Waarusha wakabaki katikati kama wali uliobanwa baina ya sufuria na mfuniko. Duara hilo lilikuja kuitwa pete ya chuma. Wahenga hawakusema mgeni apewapo jembe siku ya tatu achukue na shamba. Lakini huko Meru ndivyo ilivyokuwa.

Waingereza walipoirithi Tanganyika hawakuivunja pete; waliizidishia kiungo. Jaji Mark Wilson aliyechunguza ardhi za Arusha na Moshi alipendekeza, katika ripoti ya mwaka 1947, kwamba ardhi zibadilishwe ili mashamba ya Wazungu kaskazini ya Meru yawe eneo moja lisilokatika. Kilichokatiza eneo hilo kilikuwa watu wa Ngare Nanyuki. Mnamo Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikachomwa na kubomolewa, na wenyewe wakaelekezwa King'ori, mahali walipopakataa tangu awali.

Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mtu wa mlimani alisimama mbele ya mataifa akaeleza habari za kijiji chake. Kamati iliyosikiliza shauri iliwaelekea, lakini katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kirilo alirudi bila ardhi, ila hakurudi mikono mitupu: alizunguka nchini akisimulia, na Tanganyika ikajifunza kwamba mtawala anaweza kushitakiwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa; na Julius Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955, njia ilikwisha kukanyagwa na mguu wa Mmeru.

Ndipo zikaja zama za mtazamaji. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911, ikafika Arusha mwishoni mwa 1929. Lakini garimoshi halikumfaa abiria ambaye meli yake ilingoja gatini kwa siku moja. Safari ya kwenda na kurudi ingemla muda wote, naye asione ila moshi na mkonge. Kilichouleta mlima karibu na bahari kilikuwa ndege, na kilichoutia mlima katika ndoto za watu wa mbali kilikuwa sinema. Howard Hawks alipiga hapo filamu ya Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, na John Wayne akaonekana duniani kote akikimbiza wanyama chini ya Meru. Mwenzake katika mchezo huo, Hardy Krüger, aliipenda Momella hata akanunua makazi hapo. Jina la filamu lilikuwa la Kiswahili, ingawa wenye lugha walibaki pembeni mwa picha.

Hifadhi nayo ilikua kwa vipande. Mwaka 1960 ilitengwa Ngurdoto. Mwaka 1962 yakaongezwa maziwa ya Momella. Mwaka 1967 ukaingizwa Meru, na jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Baina ya kipande na kipande nchi ilipata uhuru. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika mji huo huo wa Arusha, Nyerere alitoa tamko lililouahidi ulimwengu kwamba taifa jipya litawatunza wanyama wa pori na makao yao. Na ule mwaka 1967 ulioingiza mlima ndani ya hifadhi ndio ulioleta Azimio la Arusha, lililotangaza kuwa njia kuu za uchumi, ardhi ikiwamo, ni za umma. Hivyo mahali pamoja palibeba ahadi mbili: ya kuwahifadhi wanyama na ya kuwarudishia watu heshima. Kuzitimiza zote mbili juu ya ardhi moja ni kazi ambayo haijakwisha.

Sasa msomaji na arudi kwa yule mgeni mwenye saa yake mkononi. Akichagua upande wa mashariki atakuta kwamba vitu vitatu alivyotajiwa ni watoto wa moto mmoja. Ngurdoto ni volkano iliyozimika na kudidimia, ikaacha bakuli lenye upana wa kilomita 3 hivi. Hairuhusiwi kuteremka ndani. Mtu husimama ukingoni, pale Leitong au penginepo, akawatazama nyati chini wakiwa wadogo kama punje za pilipili manga. Momella ni maziwa ya magadi, kila moja na rangi yake kwa kadiri ya chumvi na mimea midogo iliyomo, na heroe huja na kuondoka kwa majira yao bila kujali ratiba ya meli. Maziwa hayo ni makovu: maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, tope na mawe yakamiminika kuelekea Kilimanjaro, na mashimo yaliyobaki katika kifusi yakajaa maji. Mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 4,566, ungali wazi upande huo kama mlango uliong'olewa bawaba, na ndani yake imeinuka koni ya majivu. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Kuupanda huhitaji siku tatu au nne, kwa hiyo mgeni wa saa chache hana budi kuutazama kwa mbali, kama walivyoutazama wapagazi wa Pangani.

Akichagua magharibi ataona bakuli kubwa zaidi, lenye upana unaokaribia kilomita 20, na simba ambao Hifadhi ya Arusha haina. Lakini sehemu kubwa ya siku yake itamalizikia barabarani, na huko nako hatakuta ardhi isiyo na wenyewe. Wamasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959 waliwekwa Ngorongoro kwa ahadi ya kukaa na wanyama. Tangu mwaka 2022 maelfu ya wakazi wamehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa serikali ambao ubishi wake haujatulia. Ama kwa wingi wa wanyama, magharibi hushinda. Ama kwa mtu asiyetaka kuona tu bali kufahamu alichokiona, siku moja ya mashariki humtosha, maana pale moto, maji na watu vimeandikwa katika ukurasa mmoja.

Kwa hiyo jibu linalomfaa mgeni huyo ni kuchagua kilicho karibu na kukikalia kitako. Apande Ngurdoto asubuhi kabla ya ukungu kuondoka, ateremke Momella jua likiwa juu, kisha afike kwenye lango la kaskazini na kusimama hapo walau robo saa. Ng'ambo ya lango hilo hakuna bango la vivutio. Kuna mashamba, mifereji ya maji, watoto watokao shule, na ng'ombe. Ndiyo Ngare Nanyuki.

Mgeni akipaona hapo, saa zake chache zitakuwa zimemfikisha mbali kuliko zilivyowafikisha wengi waliokaa miezi. Ataondoka, meli itang'oa nanga, na siku ya tatu haitamkuta. Jembe hatalipata, lakini atajua nani analishika, na lilirudije mkononi mwake.