Nabongo Mumia na Gharama ya Rafiki Mkubwa

Mwishoni mwa karne ya 19, Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, magharibi mwa Kenya ya leo, alikuwa na ufalme mdogo uliobanwa na majirani, hasa Wajaluo wa Ugenya. Hazina yake kubwa ilikuwa mji wa Elureko, Mumias ya leo, uliokaa kwenye njia ya misafara iendayo Uganda. Wapagazi walifika wamechoka, wakanunua unga, kuku na mbuzi kwa shanga, nguo na waya, wakapata nguvu ya kuendelea. Mpelelezi Joseph Thomson alipita mwaka 1883; Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza akamwachia Mumia bendera mwaka 1889; mwaka 1894 kikawekwa kituo cha serikali. Sikubaliani na wanaosema Mumia alidanganywa. Alijua anachouza, yaani chakula, usalama wa njia na wapiganaji, na alichokitaka alikipata: ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley alipowapiga Wabukusu mwaka 1895, na baadaye Ugenya, watu wa Wanga walikuwa upande wenye bunduki. Mwaka 1909 akafanywa chifu mkuu wa Kavirondo Kaskazini, na ndugu yake Murunga akatumwa kuwatawala Wabukusu, ambao Wanga haikuwahi kuwatawala.

Lakini thamani yake kwa Waingereza ilitokana na njia, na njia ikahama. Desemba 1901 reli ilifika ziwani, Port Florence, ndiyo Kisumu. Mizigo ya Uganda ikawa inapakiwa melini, na misafara ikakosa sababu ya kupita Elureko. Aprili 1902 jimbo zima la mashariki la Uganda, Kisumu na Wanga zikiwemo, likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki kwa uamuzi wa London. Kwa hiyo cheo cha 1909 alikipokea akiwa hana tena kitu ambacho rafiki angekihitaji kwake peke yake. Cheo hicho kilimfunga zaidi kwa serikali na kumtenga na majirani, ambao machoni pao machifu wa Kiwanga walikuwa watoza kodi wa mgeni. Mwaka 1926 serikali ikamstaafisha.

Atakayesema hakuwa na njia nyingine ana hoja nzito. Wanandi walipigana tangu 1895 hadi Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Wakapoteza mifugo na ardhi. Wanga iliepuka maafa hayo, na faida hiyo haifai kudharauliwa hata kidogo. Kujiunga, basi, hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kukubali malipo ya aina ile, mamlaka juu ya majirani, wakati wao ndio wangesimama naye siku rafiki akipoa. Wengine walidai malipo tofauti: wakuu wa Buganda, katika mkataba wa 1900, walidai ardhi ya mailo, mali iliyowabakia. Na huku ziwani, Wajaluo waliokutana Lundha, Gem, Desemba 1921 chini ya vuguvugu la Piny Owacho hawakuwa na mfalme. Walikusanyika wakidai kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kiondolewe na kodi ipunguzwe, na mwaka 1922 Gavana Northey akalazimika kuwasikiliza Nyahera, karibu na Kisumu. Kipande kilibaki na nchi ikabaki koloni, lakini kodi ilishushwa, na hakuna jirani aliyetolewa kuwa malipo yake.