Mke wa Askari

Tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania wamepelekwa Kongo kulinda amani. Habari zao twazisikia. Za wake zao waliobaki mitaani mwetu, nani aziulizae? Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliuliza. Imepokewa kwamba katika ukhalifa wake (634–644), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamika kwa mashairi: mumewe yuko vitani, usiku hauishi, na lau si kumcha Mwenyezi Mungu angaliteleza. Umar hakumkaripia. Alikwenda kwa bintiye, Bibi Hafsa, kumuuliza mke aweza kustahimili muda gani bila ya mumewe. Swali zito hilo, baba kumuuliza binti! Bibi Hafsa aliona haya, lakini alijibu: miezi minne, wengine wamepokea sita. Ndipo Umar akaamuru askari asizuiliwe vitani kupita muda huo.